Udongo Mmoja Kwanza: Ushauri kwa Anayefungua Karakana ya Kauri

Mtu anayetaka kuishi kwa kufinyanga bakuli, taa, vyombo vya maua na vipande vya sanaa vya kuweka sebuleni, huanza kwa kuuliza habari za mashine. Gurudumu zuri ni lipi? Joko la umeme linauzwaje? Glezi inaagizwa kutoka wapi? Maswali hayo yana wakati wake, lakini lipo moja linaloyatangulia yote: udongo wako unatoka wapi, nawe unaujua kiasi gani? Ukilijibu hilo vizuri, mengine yatajipanga. Ukiliruka, utanunua vifaa vya gharama kubwa kisha uvitumie kuzalisha magae.

Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Chagua udongo mmoja, usome tabia zake kwa miezi kadhaa, amua joto moja la kuuchomea, kisha ubuni kila kitu ndani ya mipaka hiyo. Anayeona kwamba huko ni kujifunga mikono na amtazame Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa ya michoro, akageukia udongo. Mwaka 1974 alifika Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, akajifunza kwa wanawake wa Kigwari namna ya kuinua chungu kwa mkono. Tangu hapo kazi yake imebaki ndani ya njia chache mno: anajenga kwa mkono bila gurudumu, anakwangua ukuta hadi uwe mwembamba, anapaka uji laini wa udongo na kuusugua mpaka ung'ae. Glezi hatumii. Akichoma penye hewa ya kutosha chungu kinatoka chekundu cha machungwa; akikirudisha motoni ndani ya kasha lililofungwa, penye moshi na hewa haba, kinatoka cheusi. Rangi mbili hizo, zinazoletwa na hewa tu, zimemtosha kwa miongo ya kazi, na vyungu vyake vimeingia katika makumbusho makubwa, British Museum ikiwamo. Uhuru wake wa kupinda shingo ya chungu na kutokeza matumbo yake umetokana na kuujua udongo kwa kina, kiasi kwamba anafahamu utavumilia wapi na utakataa wapi.

Basi tuanze na udongo wenyewe. Unaweza kununua uliokwisha tengenezwa, au uchimbe. Wa kununua una faida ya kutobadilika mfuko kwa mfuko, ila mwingi unatoka nje na gharama ya kuusafirisha hupita bei yake. Wa kuchimba ni wa bei nafuu, lakini unadai kazi na subira. Mimi nashauri wa kuchimba kwa anayeweza kuupata, hata kama baadaye ataamua kununua, kwa sababu mtu aliyewahi kuutoa udongo ardhini, akauchuja na kuuchoma, anaelewa mambo ambayo mfuko wa dukani hauwezi kumwambia.

Usitafute machimbo kwa kubahatisha. Tafuta wafinyanzi. Karibu kila pembe ya Afrika Mashariki ina watu wanaojua udongo mzuri ulipo. Kina mama wa Kikisi wa Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wamekuwa wakipakia vyungu vyao mitumbwini kwenda kuviuza Matema, na kutoka hapo vinasambaa bara. Ukifika kwa watu wa namna hiyo nenda kwa adabu. Piga hodi, mwamkie mama mkubwa wa pale kabla hujauliza lolote kuhusu udongo, nunua vyungu vyake kwa bei anayotaja, na akikupa siku yake nzima kukufundisha, mlipe kama unavyomlipa fundi. Machimbo nayo yana wenyewe na yana miiko, kwa hiyo usichimbe kabla ya kuruhusiwa. Ujuzi atakaokupa mama huyo kwa siku moja ungekugharimu mwaka mzima wa kuharibu.

Chukua ndoo moja tu kwanza. Uache udongo wa juu wenye mizizi, chota ule wa chini. Uanike ukauke kabisa, uponde, ndipo uumwagie maji. Usiloweke ukiwa na unyevunyevu, maana madonge yenye maji nusu hayalainiki upesi kama makavu. Ukishakuwa uji, uuchuje kwenye chekeche la matundu madogo, uuache utuame, umwage maji ya juu, kisha uumimine kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya bamba la plasta ili maji yanyonywe. Ukianza kushika, ukande kwa nguvu kutoa hewa, uufunge kwenye nailoni na kuuweka kivulini. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kufinyangika vizuri.

Sasa uupime. Sokota kamba nene kiasi cha kidole na uizungushe kwenye kidole chako. Isipopasuka, udongo una unato wa kutosha. Halafu dondoshea siki kipande kikavu. Ukitokota mapovu, una chokaa, na hilo ni onyo kubwa hasa kwa wanaochimba ukanda wa pwani ambako udongo umechanganyika na vipande vya matumbawe na makombe. Chokaa hiyo ikipita motoni inageuka kuwa chokaa kali yenye kiu ya maji. Siku au wiki kadhaa baadaye inavuta unyevu wa hewani, inavimba na kurusha kigamba kutoka usoni mwa chombo. Mteja atakuta bakuli limetoboka lenyewe ndani ya kabati, na hutakuwa na la kumwambia. Udongo wa kandokando ya mikoko una tatizo jingine, chumvi, ambayo hujitokeza juu kama ukungu mweupe chombo kinapokauka. Katika hali zote mbili, kama kuchuja kwa chekeche dogo na kuosha mara kadhaa hakusaidii, achana na machimbo hayo.

Kipimo kinachofuata usikikwepe kwa sababu yoyote ile. Tengeneza vibamba kama kumi vya udongo, kila kimoja unene wa sentimita moja, na ukwaruze juu ya kila kimoja mstari wa sentimita 10 kamili. Vikauke, vichomwe katika viwango tofauti vya joto, kisha upime mistari ile upya. Mstari wa sentimita 10 uliobaki 8.8 unakuambia kwamba udongo umesinyaa kwa asilimia 12. Namba hiyo iandike ukutani. Itaamua ukubwa wa kila kitu utakachotengeneza. Tuseme taa yako inahitaji tundu la milimita 40 la kupitisha kishikilia balbu. Wengi huchukua 40 wakaongeza asilimia 12, wakapata 44.8, halafu wanashangaa kishikilia balbu hakiingii. Hesabu sahihi ni kugawanya: 40 kwa 0.88, nayo inatoa milimita 45 na nusu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kifuniko kikae au kikatae.

Vibamba hivyohivyo vitakuonyesha kiasi cha maji ambacho udongo wako unanyonya. Pima uzito wa kibamba kilichochomwa kikiwa kikavu, kichemshe majini kwa saa kadhaa, kiache humo hadi kesho yake, kifute na ukipime tena. Kikipanda kutoka gramu 400 hadi 440 kimenyonya asilimia 10. Ukipata namba hii usiihuzunikie. Itakuambia ufanye biashara gani.

Vyungu vinavyochomwa kwa kuni na majani uwanjani hufikia joto la nyuzi 600 hadi 900 hivi za Selsiasi, na hubaki na vinyweleo. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoupa mtungi sifa yake: maji hupenya kidogokidogo hadi nje, yakawa mvuke, na mvuke huo ukiondoka unaondoka na joto, yaliyobaki ndani yakapoa. Ukiupaka mtungi glezi umeunyang'anya kazi hiyo. Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20, alikuwa stadi wa mitungi ya asili kabla ya kuingia kituo cha Abuja mwaka 1954. Pale aliendelea kuinua maumbo yaleyale kwa mkono, akiyachora nyoka na mijusi, lakini sasa yakapakwa glezi na kuchomwa katika joto kali. Vikawa vyombo vya kuonyeshwa na kukusanywa, si vya kupoza maji tena. Kazi zote mbili zina heshima yake, ila ni kazi mbili tofauti, na lazima uchague unafanya ipi.

Kwa hiyo udongo unaonyonya asilimia 10 utumie kwa yale unayoyafaa: mitungi, vyetezo, vyungu vya mimea, vivuli vya taa, sanamu, vigae vya ukutani. Sahani za mchuzi na vikombe vya chai vinahitaji udongo uliofunga, unaonyonya asilimia mbili tatu au pungufu, na kwa kawaida hilo hupatikana kuanzia nyuzi 1,200 kwenda juu. Udongo mwekundu mwingi wa kwetu huyeyuka na kuporomoka kabla ya kufika huko. Wako wanaouchanganya na kaolini, udongo mweupe unaovumilia moto kama ule wa vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, ili upande joto bila kulegea. Hiyo ni njia nzuri, lakini si ya mwaka wa kwanza.

Nasema wazi: usianze na vyombo vya chakula. Anza na vile visivyogusa mdomo. Sababu ni glezi. Glezi ni utando wa kioo, na kioo kisichopikwa sawasawa huachia madini yaliyomo. Risasi na kadimiamu ndiyo ya kuogopwa zaidi, nayo hutoka kwa urahisi chombo kikitiwa kitu kikali kama ndimu, ukwaju, siki au achari. Hakuna mama anayeweza kuona risasi kwenye mchuzi wa mwanawe. Ukinunua unga wa glezi, dai karatasi inayotaja vilivyomo, na usichukue chochote kisicho na karatasi hiyo. Kipande cha ndimu kilicholazwa usiku kucha juu ya glezi kikaacha alama kinakuambia glezi hiyo ni dhaifu. Kisipoacha alama bado hujathibitisha usalama wake, kwa hiyo kabla ya kuuza sahani ya kwanza peleka sampuli kwenye maabara inayopima vyombo vya chakula. Gharama hiyo ihesabu ndani ya mtaji.

Kuna na nyufa ndogondogo za glezi, zile zinazoonekana kama nyavu. Kwenye chombo cha maua zinaweza kuwa pambo. Kwenye bakuli la kulia ni njia ya mafuta na vijidudu. Chukua kipande cha majaribio, kiweke kwenye friza usiku mzima, kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka. Kikihimili mara kadhaa, glezi na udongo wake vinapatana.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa mfinyanzi wa nyakati hizi nataka iwe kinyume: kula kwenye sahani yako, kunywa kwenye kikombe chako, washa taa yako kila jioni kwa mwezi mzima kabla ya kumuuzia mtu. Utagundua kwamba mkono wa kikombe unaunguza vidole, kwamba kitako kinakwaruza meza, kwamba chetezo kinapata moto chini kiasi cha kuunguza kitambaa. Chombo cha maua kijaze maji, kitie matawi marefu, kisha kigonge kidogo. Kikiyumba, ongeza uzito kwenye kitako, au punguza bega.

Hapa ndipo ubunifu wa sanamu unapokutana na matumizi, na hapa ndipo napenda mbunifu akae muda mrefu. Kipande cha nyumbani kinaishi mahali fulani. Nyumba za zamani za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka, safu za vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa plasta, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kaure kutoka China. Aliyechonga kidaka alijua kitakaa nini, na aliyeweka bakuli alijua litaonekana kutoka upande upi. Sebule ya leo ya Tabata au ya Nyali ina kabati la vioo lenye vyombo vya wageni, televisheni, meza ya kahawa yenye kitambaa, na watoto wanaokimbia. Kaa humo kwa macho. Pima kina cha rafu. Uliza umbo lako litatazamwa kutoka pande zote au mbele tu. Chombo chenye mikono myembamba iliyonyooka nje kinapendeza kwenye picha, lakini katika nyumba yenye watoto hakimalizi mwezi. Mimi naamini umbo linalokumbukwa ni lile lenye jambo moja tu lililozidishwa, ama shingo, ama tumbo, ama mdomo, na mengine yakatulia. Mbunifu anayezidisha yote kwa pamoja huchosha jicho.

Tengeneza familia ya maumbo, yasizidi matano au sita, yanayotokana na wazo moja. Mchoro mmoja wa bega unaweza kuzaa chetezo, kivuli cha taa, chombo cha maua na bakuli. Rudia kila umbo mara nyingi. Mkono hujifunza kwa kurudia, na mnunuzi anayeona vipande vinne vinavyofanana damu hukumbuka jina la karakana.

Upande wa ujenzi, sanamu inahitaji udongo mkakamavu kidogo kuliko bakuli. Ponda vigae vilivyochomwa, uchekeche, kisha uchanganye chenga zake kwenye udongo wako uleule, kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya uzito. Chenga hupunguza kusinyaa na kuupa unyevu njia ya kutokea. Udongo unabaki mmoja, joto la kuchomea linabaki moja, na sanamu inaingia jokoni pamoja na bakuli. Kuta zako ziwe na unene mmoja, usiozidi sentimita moja hadi upate uzoefu. Kila uwazi uliofungwa utobolewe tundu la kupumulia. Unapounganisha vipande, viwe na unyevu sawa: subiri vishike hadi kisu kinakata bila kunata, kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, kandamiza. Mkono mbichi uliobandikwa kwenye kikombe kilichokauka utabanduka hata ukiupaka uji kiasi gani.

Kukausha kunataka moyo wa subira kuliko hatua nyingine yoyote. Midomo na mikono hukauka kwanza, kitako mwisho, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Funika vipande kwa nailoni siku za mwanzo, funua kidogokidogo, geuza kila siku, weka mbali na upepo wa feni. Kipande ukikigusisha shavuni na kikawa bado baridi kuliko hewa, kina maji.

Maji hayo ndiyo yanayolipua vyombo jokoni. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na yakiwa yamefungiwa ndani ya ukuta mnene hakuna udongo unaoweza kuyazuia. Kwa hiyo lishikilie joko kwenye nyuzi 80 au 90 kwa saa kadhaa, usiku kucha kwa sanamu kubwa, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Kisha panda taratibu, chini ya nyuzi 100 kwa saa, hadi kupita 600. Ndani ya safari hiyo maji yaliyofungamana na udongo wenyewe yanatoka, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwatsi hupanuka ghafla. Wakati wa kupoa hurudi hivyohivyo, ghafla, na ndiyo maana mtu mwenye haraka ya kufungua joko husikia mlio mkali na kukuta sahani imegawanyika mara mbili. Usifungue hadi lipite chini ya nyuzi 100. Nunua koni za kupimia joto hata kama joko lako lina kipimajoto, kwa sababu kipimajoto husoma joto la dakika ile, ilhali koni hupinda kwa kazi nzima ambayo joto limefanya na muda wake.

Kabla ya kununua joko la umeme, mwite fundi umeme mwenye leseni aje aone nyaya za nyumba na mita yako. Joko kubwa huhitaji fezi tatu, na waya mwembamba unaobeba mzigo huo kwa saa kumi utawaka. Kama uwezo haujafika, kodi nafasi kwenye joko la mwenzako, au jenga joko dogo la kuni kwa matofali. Na uwe na daftari la joko, ambalo kila mchomo una ukurasa wake: tarehe, kilichomo, kilipopangwa, saa na joto, uniti za umeme zilizoliwa, vilivyopasuka. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko gurudumu.

Afya yako ni sehemu ya karakana. Udongo mkavu una vumbi la silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Ugonjwa linaoleta hauna tiba. Usifagie sakafu ikiwa kavu. Piga deki kwa maji kila siku, sugua vipande vikiwa vibichi au kwa sponji lenye maji, vaa barakoa halisi ya vumbi unapochanganya unga, maana leso haizuii chembe hizo. Nguo za kazini zisiingie chumbani wanakolala watoto. Maji machafu yaache yatuame kwenye ndoo, umwage ya juu na urudishe udongo wa chini kazini. Ukiyamwaga kwenye bomba litaziba.

Tukija kwenye bei, nakusihi uhesabu bila woga. Chukua bakuli moja kwa mfano. Udongo shilingi 1,500, glezi 1,200. Umeme wa michomo miwili tuseme ni 45,000 na joko limebeba vipande 30, basi kila kimoja kinabeba 1,500. Kazi ya mikono dakika 90 kwa shilingi 4,000 kwa saa, ni 6,000. Jumla 10,200. Lakini kati ya kila vipande kumi vinavyoanza, tuseme vinane ndivyo vinavyofika sokoni, na hivyo vinane vinapaswa kulipia vile viwili. Gawanya 10,200 kwa 0.8, unapata 12,750. Kodi ya karakana na gharama nyingine za mwezi ni 400,000, na unauza vipande 100 kwa mwezi, basi ongeza 4,000. Bakuli limekugharimu 16,750 kabla ya faida. Weka asilimia 20, linafika 20,100. Hiyo ndiyo bei ya jumla. Duka likilichukua huenda likauza kwa mara mbili, karibu 40,000, nawe mwenyewe ukiuza mlangoni uza kwa hiyohiyo 40,000. Ukiuza 20,000 nyumbani huku dukani ni 40,000, mwenye duka atarudisha vyako vyote, na atakuwa na haki.

Sanamu haiingii kwenye hesabu hiyo moja kwa moja. Inakula nafasi ya jokoni, inakufa mara nyingi zaidi, na ndani yake mna siku za kufikiri. Ihesabie nafasi: kama imechukua theluthi ya joko, ibebe theluthi ya umeme. Muda wa kuchora na kujaribu nao uuandike. Mteja akiomba upunguze, mwonyeshe kipande kidogo chenye bei ndogo. Ukishashusha bei ya sanamu mara moja, bei ile ya chini ndiyo itakayotangazwa.

Maduka ya zawadi na hoteli hupenda mali kauli: unawaachia vyombo, wanakulipa vikiuzwa. Mwanzoni inasaidia kujulikana, ila isizidi sehemu ndogo ya bidhaa zako, na iandikwe. Karatasi itaje idadi, bei, nani analipia kikivunjika rafuni, tarehe ya kuhesabu na tarehe ya kulipa. Wa kwanza kukataa kutia sahihi karatasi hiyo amekuonyesha mapema namna atakavyokulipa.

Kufunga mzigo wa basi la mkoani kunataka boksi mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi ya sentimita tano pande zote iliyojazwa maranda yaliyoshindiliwa. Kipande kisiguse kipande. Funga kimoja kisicho na thamani, kidondoshe kutoka usawa wa kiuno juu ya sakafu ya saruji, kisha ufungue. Hadi kitoke kizima, hujajua kufunga.

Itakapokuja oda kubwa ya kwanza, sahani 60 za hoteli kwa mfano, usiitikie siku hiyohiyo. Tengeneza sahani tatu za sampuli, zitiwe sahihi kitakoni nawe pamoja na mteja, moja ibaki kwako ili ubishi wa rangi au ukubwa uamuliwe nayo. Chukua nusu ya malipo kabla ya kukanda udongo. Anza sahani 80 ili upate 60 nzuri. Halafu tazama kalenda: kati ya Machi na Mei, mvua za masika zikiwa Dar es Salaam au Mombasa, hewa imejaa unyevu na kukausha kunaweza kuchukua muda mara mbili ya Januari. Oda ya miezi hiyo iongezee wiki mbili au tatu kwenye tarehe unayoahidi, na uiandike hivyo kwenye ankara.